Simu Bado Nzima

Mtu akiniuliza mapenzi yangu ya vifaa vya elektroniki yalianzia wapi, humtajia betri ya BL-5C. Ni betri bapa ya volti 3.7, inaenea katikati ya kiganja, ina vidoti vitatu vya rangi ya dhahabu ukingoni. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Nokia 1100, kitochi cha mwaka 2003 kilichouzwa zaidi ya simu milioni 250 duniani. Betri hiyo hiyo ilikuwa ndani ya Nokia 6600, simu ya wenye nazo wa wakati huo, yenye kamera na uwezo wa kuongezewa programu. Ilipokuja N70 mwaka 2005, nayo ilitumia BL-5C. Mlinzi wa ghala na tajiri mwenye ghala waliweza kuazimana betri.

Kwetu Muheza, nikiwa sekondari, jambo hilo lilikuwa na uzito. Umeme ukikatika ulikatika kweli, na waliokaa mbali na nguzo walipeleka simu kwa kinyozi kuchajiwa kwa shilingi 200 au 300. Kaka yangu mkubwa alirudi kutoka Dar na 6600 yenye betri mbili, akanikabidhi kazi ya kuzitunza. Moja ilikaa ndani ya simu, nyingine kwenye chaja ya kobe. Unaibana betri, unasogeza visindano viwili kwa kucha mpaka viguse vidoti vinavyohusika, taa zinaanza kuwaka na kubadilishana rangi. Usipoona taa, sogeza tena. Kila mara kabla ya kuichaji niliilaza betri mezani na kuizungusha kwa kidole. Ikigoma kuzunguka, ni nzima. Ikizunguka, imeanza kuota tumbo, na hiyo haiendi tena kwenye chaja.

Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri za BL-5C zipatazo milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, na mwenye nayo angebadilishiwa. Habari hiyo ndiyo iliyonizoesha kusoma maandishi madogo nyuma ya kila kitu kinachotumia umeme. Mpaka leo siwezi kushika chaja nisiigeuze kuangalia volti na ampea zake. Mke wangu ananingojea dukani kwa subira kubwa.

Raha ya mapenzi haya wengi wanaiweka kwenye kununua. Kwangu inaanza kabla ya kununua na inaendelea muda mrefu baadaye. Kuna usiku wa uzinduzi wa simu mpya, kwa mfano. Apple, kampuni ya California, ikianza hafla yake saa nne asubuhi ya kule, mwezi Septemba, hapa ni saa mbili usiku kamili, saa ya taarifa ya habari. Wazee wanataka televisheni, sisi vijana wa nyumbani tunajikusanya chumbani na simu moja iliyounganishwa bando, tunaangalia watu wakionyesha kitu ambacho huenda hakuna kati yetu atakayekigusa mwaka huo. Na bado tunabishana mpaka usiku wa manane kuhusu lenzi, kuhusu aina ya kioo, kuhusu kwa nini waliondoa tundu la earphone mwaka 2016. Ninayapenda mabishano hayo kwa dhati. Yalinifundisha fizikia kuliko daftari langu la kidato cha nne, kwa sababu kila hoja ilidai ushahidi: mwanga unaingiaje kwenye lenzi, joto la prosesa linatokea wapi, kwa nini namba kubwa ya megapikseli peke yake haileti picha nzuri.

Kuna pia raha ya kufaa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu feki. Wiki za kabla ya hapo mlango wangu haukufungwa. Majirani walikuja na simu zao, tunabonyeza *#06#, namba ya IMEI, yaani kitambulisho cha simu yenyewe, inatokea, tunaituma kwenda 15090 kuihakiki, kisha tunasubiri jibu. Jibu likirudi na jina la simu tofauti kabisa na lililoandikwa mgongoni, unaona uso wa mtu ukibadilika. Mama mmoja muuza vitumbua alikuwa na simu aliyoinunua kwa akiba yake, imeandikwa jina kubwa, jibu likasema haitambuliki.

“Sasa baba, mimi nimekosea wapi? Dukani nililipa hela halali,” aliniambia.

Sikuwa na la kumpa zaidi ya ukweli kwamba hakukosea popote. Yeye na mimi tulikuwa mnunuzi yule yule: tunatoa fedha zetu, halafu uhai wa kitu tulichonunua unaamuliwa mahali ambapo hatujakaa. Ninalitazama jambo hilo tangu wakati huo, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyoamini kwamba kero kubwa kuliko zote ya mpenda vifaa iko hapo. Kifaa kikianguka kikavunjika nitahuzunika kisha nitakubali. Kinachoniuma ni kifaa kizima, kinachowaka, kisicho na ufa, kinapoambiwa siku zake zimekwisha.

Nilionja hilo kwanza kwa Nokia yenyewe. Februari 2011 mkurugenzi wake mkuu, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi waraka akiifananisha kampuni na mtu aliyesimama kwenye jukwaa linaloungua baharini, na siku chache baadaye akatangaza kwamba simu zao kubwa zingehamia mfumo wa Windows Phone wa Microsoft. Symbian, mfumo uliokuwa kwenye 6600, N70, N95 na E63, ukawekwa kando. Aprili 2014 biashara yote ya simu ikawa mali ya Microsoft. Kwa watu wa hesabu hizo ni habari za soko. Kwa sisi tuliokuwa tumejifunza kila kona ya Symbian, tunaojua programu ipi inakula chaji na ipi haili, ilikuwa elimu ya miaka imeondolewa chini ya miguu yetu. Katikati ya mwaka 2017 WhatsApp nayo ikaacha kufanya kazi kwenye Symbian. Nokia nyingi zilizokuwa zikipiga, kupokea na kukaa na chaji kwa siku kadhaa zikaingia kabatini, kwa sababu simu isiyo na WhatsApp, katika Tanzania ya mwaka ule, haikuwafaa tena wenyewe. Januari 4, 2022 ikawa zamu ya simu za zamani za BlackBerry, kampuni ilipozima huduma zilizokuwa zikiziwezesha kufanya kazi.

Mimi binafsi nilipoteza saa janja kwa njia hiyo. Sitaitaja kampuni. Ilikuwa saa nzuri, inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, na nilikuwa nimeizoea mkononi. Siku moja programu yake ikaacha kuingia, baadaye ikaondolewa kabisa kwenye duka la programu. Hakuna barua, hakuna maelezo. Kioo kizima, mkanda mzima, betri inashika chaji, lakini kila nilipoiunganisha na simu iliniomba niingie kwenye akaunti ambayo haikuwapo tena upande wa pili. Niliandika kwa huduma kwa wateja na barua pepe ikarudi.

Nikalinganisha na yaliyowapata wenye saa za Pebble. Kampuni hiyo ilichangiwa zaidi ya dola milioni 10 na watu wa kawaida kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, mwaka 2012, ikafungwa Desemba 2016, mali zake zikachukuliwa na Fitbit, kampuni nyingine ya vifaa vya kuvaa mkononi. Wapenzi wa saa hizo hawakukubali. Walijikusanya wakaunda Rebble, na mitambo ya kampuni ilipozimwa katikati ya 2018 wao wakawa tayari na ya kwao. Januari 2025 Google, ambayo ilikuwa imeinunua Fitbit, ikaitoa hadharani programu ya saa hizo ili yeyote aitumie. Sijawahi kuvaa Pebble, lakini habari ile ilinifurahisha kama harusi ya ndugu. Ilionyesha kwamba kifaa kinaweza kuishi kuliko kampuni iliyokizaa, mradi tu watu waruhusiwe kukifungua.

Na kukifungua ndiko kugumu siku hizi. Simu niliyonayo sasa ilipoanza kuzima ikiwa na asilimia thelathini, niliipeleka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi ninayemwamini. Kibanda chake ni meza moja, taa yenye lenzi, na mkeka wa mpira uliojaa skrubu ndogo kuliko punje za ulezi. Aliigeuza simu akaitazama ukingoni.

“Kaka, hii ni ya gundi. Kaa kidogo, tuipashe.”

Aliilaza kifudifudi kwenye bamba la moto, akasubiri mpaka gundi ilegee, akapitisha kijiplastiki chembamba kuzunguka mfuniko wa nyuma, taratibu, maana ule mfuniko ni kioo na ukilazimisha unapasuka. Ndani betri nayo ilikuwa imegandishwa. Alidondosha spiriti chini yake kidogo kidogo, akaivuta kwa mikono miwili bila kuikunja. Betri ya lithiamu ukiikunja au ukiitoboa inaweza kushika moto, kwa hiyo wakati huo hakuna aliyezungumza kibandani. Akaweka mpya, akafunga, akawasha. Simu ikawaka vizuri, kisha ikaleta onyo kwamba betri haikuweza kuthibitishwa, na ile sehemu ya kuonyesha afya ya betri ikafutika.

“Betri nzima hii, nimeipima mwenyewe,” fundi akasema. “Simu ndiyo inaikataa. Inataka ile iliyozaliwa nayo.”

Nimekaa na onyo hilo tangu siku ile. Simu inafanya kazi kikamilifu. Ila kila nikilisoma nakumbuka kwamba kazi aliyoifanya yule kijana kwa moto, spiriti na pumzi aliyoizuia, mimi niliifanya nikiwa sekondari kwa kucha ya dole gumba.

Watengenezaji wanaeleza kwamba gundi inazuia maji na kuifanya simu iwe nyembamba. Kuna ukweli ndani yake. Lakini Samsung ilitoa Galaxy S5 mwaka 2014, mfuniko wake wa nyuma unabanduliwa kwa kucha, betri inatoka, na simu ilikuwa na kiwango cha IP67 cha kuhimili maji. Mwaka uliofuata ikaja S6, imefungwa. Kwa hiyo najua kwamba linawezekana, na mtu akiniambia haliwezekani namwonyesha S5 ya binamu yangu, ambayo bado inawaka.

Betri zenyewe hazina kosa. Ioni za lithiamu zinakwenda na kurudi kati ya pande mbili za betri, na kila safari inaacha ganda jembamba linalozidi kuwa nene upande wa grafiti, mpaka nafasi ya kubeba chaji inapungua. Joto linaharakisha jambo hilo, na sisi wa Dar es Salaam tunalo la kutosha. Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu wasiache simu kwenye dashibodi ya gari mchana, wasiichaji chini ya mto, na kama wanaweza waiache ikizunguka kati ya asilimia 20 na 80. Wanaume watatu waliovumbua na kuendeleza betri hizi, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Nobel ya kemia mwaka 2019, na siku ilipotangazwa nilifurahi kama mtu aliyewafahamu. Kuchakaa kwa betri ni maumbile. Kufungiwa mlango wa kuibadilisha ni uamuzi wa mtu.

Nisije nikaeleweka vibaya: simu mpya zimetuletea mambo ambayo 6600 isingeyaota. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye lugha za kuandika kwa sauti. Shangazi yangu wa Pangani anasuka mikeka, macho yake hayapendi herufi ndogo, na kwa miaka alikuwa akinipigia tu. Nilikwenda kumtembelea nikamwekea.

“Shikamoo shangazi. Hebu ongea hapa, sema unalotaka kumwambia Mwanaidi.”

“Marahaba mwanangu. Niongee na nani, mbona hakuna mtu?”

“Sema tu, itaandika.”

Akasogeza mdomo karibu na simu, akasema kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto: ukindu umefika, njoo uchukue fungu lako kabla ya Ijumaa. Maneno yakajipanga kwenye kioo moja baada ya jingine. Ukindu uliandikwa ukingo, mengine yote sawasawa. Shangazi aliyasoma polepole, akanipa simu nisahihishe lile neno, akautuma ujumbe mwenyewe. Jioni ile aliandika ujumbe kwa ukoo mzima. Simu yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, imeshatumika, niliyoisafisha na kumpelekea. Hapo ndipo ninapoona thamani ya kazi hii yote ya kufuatilia vitu: kujua kwamba kitu fulani kimewezekana, na kujua nani wa karibu yangu kinamfaa.

Na mara nyingine kinachofaa zaidi hakina kioo kikubwa. Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mpaka leo ukibonyeza *150*00# kwenye kitochi utatuma fedha, utalipa na utanunua umeme wa LUKU bila intaneti wala bando. Mfumo huo unapita kwenye njia za mtandao wa simu wa kawaida, kwa maandishi mafupi, na haukumlazimisha yeyote kutupa simu aliyokuwa nayo. Nimefuatilia uzinduzi mwingi wa saa mbili usiku na sijaona kitu kilichobadilisha nyumba yetu Muheza kwa kiwango hicho. Wakati huohuo huduma nyingi zinazoonyeshwa kwenye hafla hizo, ukizigusa, zinakujibu kwamba hazipatikani nchini mwako, ingawa simu umeinunua kwa bei ya dunia nzima na ushuru juu yake.

Siku hizi kijana akija kuniuliza anunue simu gani, siangalii kwanza kamera. Namuuliza: itapata masasisho ya usalama miaka mingapi? Kioo chake na betri yake vinapatikana Kariakoo? Simu maarufu inayouzwa sana ina spea kila kibanda, ilhali ile ya kipekee iliyoletwa na mtu mmoja kutoka Dubai itamsumbua siku ya kwanza ikianguka. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu yake ya Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 Januari 2024. Hizo ni simu za bei kubwa. Za laki mbili na laki tatu, ambazo ndizo zinazobeba biashara na masomo ya watu wetu, ahadi zake ni fupi mno, na nyingine ukigeuza boksi pande zote sita huoni ahadi yoyote.

Ulaya wameliona. Tangu Juni 20, 2025 simu zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa kupewa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuzwa, spea zake zipatikane kwa miaka 7, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Kanuni nyingine inataka kuanzia Februari 18, 2027 betri za vifaa vidogo ziwe zinaweza kutolewa na mwenye kifaa, ingawa simu zenye betri ya kudumu sana na zisizopitisha maji zimewekewa masharti tofauti.

Viwanda ni vilevile. Simu inayouzwa Berlin na inayouzwa Aggrey mara nyingi zimetoka kwenye meza moja ya kuunganishia huko China. TCRA tayari inazikagua na kuziidhinisha aina za simu kabla hazijaingia sokoni, na mwaka 2016 ilionyesha kwamba ikiamua, simu zinazimwa nchi nzima kwa usiku mmoja. Nguvu hiyo hiyo inatosha kumdai mwagizaji achapishe kwenye boksi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, mambo mawili: simu hii itapata masasisho mpaka mwaka gani, na betri yake inabadilishwaje. Yule mama wa vitumbua alinunua simu nyingine kwa shilingi alizozihesabu moja moja. Ana haki ya kusoma hayo kabla hajafungua pochi.